Sahani ya jirani bado iko kwangu: nianzie wapi kumtaka radhi?

Mpangaji wa Magomeni

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo kwa nje linaonekana dogo, lakini limeninyima raha ya kukaa nyumbani kwa majuma matatu sasa.

Mimi ni mwenyeji wa Tabora. Nilihamia hapa Bagamoyo mwaka jana kwa ajili ya kazi ya kutunza stoo, nikapanga chumba katika nyumba ya Kiswahili huko Magomeni, nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi ukipita katikati, na uani kuna jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Sote tunatumia mita moja ya umeme. Kila umeme unapokaribia kwisha tunachanga, na michango hukusanywa na mama mmoja mtu mzima wa chumba cha pili, ambaye ndiye mpangaji wa siku nyingi kuliko sote, na ambaye riziki yake ni kukaanga vitumbua alfajiri na kuviuza barazani. Yeye ndiye hununua umeme kwa simu yake, kisha huvaa miwani na kuingiza tokeni kwenye mita, akizitamka tarakimu zote 20 moja moja kama mtu anayesoma uradi.

Mama huyu alinipokea kwa utani tangu siku ya kwanza. Aliposikia kwamba mimi ni Mnyamwezi, naye ni Mzaramo, aliniambia kwamba wenzangu walifika Bagamoyo zamani sana, akauliza mimi nimekawia njiani nikifanya nini. Tangu hapo, asubuhi moja moja alikuwa akibisha hodi na kuniachia sahani ya bati, nyeupe, yenye ua la buluu katikati, na ndani yake vitumbua vitatu vya moto vilivyofunikwa kwa kawa. Nami nilijifunza kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo mara niliirudisha na machungwa, mara na karanga, na mara moja na vipande vya muhogo ambavyo yeye alivicheka mbele yangu kwa jinsi nilivyovichemsha vibaya.

Sasa nieleze kosa langu. Mwezi uliopita nilianza kuandika uniti za mita katika daftari, kwa mazoea tu ya kazi yangu. Shilingi 10,000 zilikuwa zikituletea uniti 28. Mwanzoni mwa mwezi huu mama alinunua umeme wa 10,000 kama kawaida, nami nilipoitazama mita nikaona zimeingia uniti 23 na ushei. Sikumwendea chumbani. Sikumwomba anionyeshe ujumbe wa risiti. Nilitoka uani, watu wakiwa wanafua na wengine wanapika, nikasema kwa sauti ya mtu anayejiona mwerevu: “Mama, hizi fedha zetu zinapita njia gani hata zinapungua?” Mmoja alicheka, kisha uani kote kukawa kimya. Yeye hakubisha. Alijifuta mikono kwa kanga yake, akaingia ndani, akatoka na noti ya shilingi 2,000, akaniambia: “Chukua, mwanangu, usilale na shaka.” Nami niliichukua.

Siku nne baadaye mwenzangu kazini alinieleza jambo ambalo pengine ninyi mnalijua. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme, nayo hukatwa tunaponunua kwa mara ya kwanza katika mwezi. Kwa nyumba kama yetu ni shilingi 1,500. Fedha hizo hazikupita kwa mama hata kidogo, na kwa haki hazikuwa hata deni letu wapangaji, kwa kuwa kodi ya jengo ni ya mwenye jengo.

Hadi leo ninamwamkia “shikamoo” naye ananijibu “marahaba”, lakini hajaongeza neno juu yake. Hakuna utani. Michango ameendelea kuikusanya, ila sasa kila akinunua huweka simu juu ya ndoo uani, ujumbe ukiwa wazi, aingie yeyote na asome. Juma lililopita alianika kanga yenye maandishi “Mso hili ana lile”, na sijui kama kanga ile ilikuwa ikiniambia mimi au ilikuwa ikikauka tu. Sahani yake ya mwisho bado iko kwangu, juu ya sanduku la nguo. Siwezi kuirudisha tupu, na kila ninachofikiria kuweka ndani yake kinaonekana kama hongo.

Nianzie wapi? Na mnipe pia maarifa ya kila siku, kwa sababu naona kosa halikuanza uani. Lilianza pale nilipoamua kutomwuliza.

Mzee wa Dunda

Mwanangu, nimesoma habari yako mara mbili, na nakupongeza kwa kutojificha nyuma ya maneno. Nitakujibu kama mtu aliyezaliwa katika mji huu na kuishi humu hadi uzeeni.

Kwanza uelewe ulichokikata. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo si mzaha wa kupitisha muda. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wakishuka huku pwani kwa maelfu na misafara ya pembe za ndovu, wakiwa wapagazi, wakitua mizigo yao hapa Bagamoyo baada ya mwendo wa miezi. Walikuwa wageni wengi katika mji wa watu, wakihitaji maji, chakula, mahali pa kulala na, wakifiwa, watu wa kuwasaidia kuzika. Katika hali kama hiyo watu huweza kuogopana hadi wakapigana kila siku, au hutafuta njia ya kusemana bila kuumizana. Njia hiyo ndiyo utani. Mtani wako anaweza kukuita mchoyo mbele ya wakwe zako, akachukua jembe msibani na kulikalia mpaka alipwe, nawe huwezi kukasirika, kwa sababu pande zote mbili zinajua kwamba ndani ya maneno hayo hamna tuhuma. Wewe ulitumia sauti ya utani kutoa tuhuma ya kweli. Ndiyo maana mama amerudi nyuma hadi kwenye “marahaba” kavu, kwa kuwa hana tena hakika maneno yako yana nini ndani yake.

Pili, neno lilisemwa uani mbele ya watu, na kwa maoni yangu litengenezwe uani mbele ya watu wale wale. Ukimtaka radhi chumbani peke yenu, yeye atapona nusu tu, kwa sababu yule aliyecheka siku ile bado anatembea na kicheko chake. Hapa kwetu mtu aliyesingizia watu husutwa. Wanawake walikuwa wakikodi ngoma, wakaenda mlangoni kwake wakamwimbia hadi jua linazama. Mama huyo hakukusuta, ingawa alikuwa na kila haki. Tafuta mtu mzima wa nyumba hiyo au wa nyumba ya pili, umweleze, akusindikize, kisha useme mbele ya wote kwamba ulisema uongo bila kujua na kwamba ulijua namna ya kujua.

Umeuliza pia juu ya mambo ya kila siku. Mimi sina mengi. Ninabisha hodi mara tatu na nisipojibiwa naondoka, hata kama mlango uko wazi na ninasikia redio. Ninapopita penye watu waliokaa barazani, mimi ninayepita ndiye ninayesalimu, hata kama wote ni vijana. Na kuhusu sahani, nyumbani kwangu siku ya Idi huondoka sinia kwenda kwa majirani zetu Wakristo, na Krismasi sinia hilo hurudi, na sijui ni nani aliyeanza. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipojenga misheni yao hapa mwaka 1868, huu ulikuwa mji wa Waislamu, na vita vya pwani dhidi ya Wajerumani vilipopiganwa mwaka 1888 na 1889 watu wengi wa mji walikimbilia katika uwanja wa misheni ile ile kutafuta usalama. Sisemi kwamba sinia ndiyo iliyowafungulia lango. Nasema watu walijua pa kukimbilia, na mtu hakimbilii mahali ambapo hajawahi kupasalimu.

Dada wa Nianjema

Shikamoo Mzee wa Dunda. Naomba kutofautiana nawe kwa adabu, kwa sababu naona ushauri wako umeegemea sana kwenye maneno, ilhali chanzo cha jambo hili ni hesabu iliyokuwa gizani.

Kaka Mpangaji, kwanza nikuulize swali ambalo wewe hukujiuliza. Je, kama fedha zingekuwa zinashikwa na mwenye nyumba, ungetoka uani na kumwuliza kwa sauti ile kwamba zinapita njia gani? Nadhani ungempigia simu, ungeanza na salamu ndefu, ungesema “samahani, pengine sijaelewa vizuri”. Kwa mama wa vitumbua hukuona haja ya mlango huo. Sikusemi wewe tu, kwa kuwa sote tunapima nani wa kuulizwa kwa upole na nani wa kuulizwa kwa kelele, na mara nyingi kipimo chetu ni mfuko wa mtu. Ajabu ni kwamba katika kisa hiki aliyekuwa anadaiwa kwa kweli ni huyo huyo mwenye nyumba, ambaye hakuna aliyemtaja.

Sasa hesabu yenyewe, kwa faida ya wengine wenye mita ya pamoja. Katika ujumbe wa tokeni fedha zimegawanywa wazi: bei ya umeme, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3, na makato ya deni kama yapo. Kwa bei ya kawaida ya majumbani uniti moja huja kuwa kama shilingi 356 ukishajumlisha kodi na tozo, kwa hiyo 10,000 huleta uniti 28. Ukiondoa 1,500 ya jengo inabaki 8,500, nayo huleta uniti 23 na kitu. Mgawanyo huo hauchukui dakika mbili kwa simu yoyote. Kadhalika wateja wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa katika bei nafuu zaidi, lakini kaya sita zikibanana kwenye mita moja hazikai chini ya 75, na kila mmoja hulipa bei ya mtumiaji mkubwa hata kama ana taa moja. Nyumba nyingi zina ugomvi ambao umeandikwa tayari ndani ya mita, kabla hata watu hawajafungua midomo.

Mimi nilipanga miaka minne katika nyumba ya namna hiyo. Mmoja wetu alikuwa na friji la kugandisha barafu za kuuza, akichangia sawa na bibi mwenye taa moja na redio. Hakuna aliyesema kitu, sote tukiona aibu, mpaka watu wakaanza kuzimiana swichi usiku kwa siri. Barafu ikayeyuka ukumbini, maji yakaingia chumbani kwa yule bibi, na watu nusura washikane mashati. Tulipotandika mkeka hatimaye na kukubaliana kwamba friji lihesabiwe kama mafungu mawili, mwenye friji mwenyewe alisema kwamba angekubali tangu mwaka wa kwanza, ila hakuna aliyemwuliza. Adabu yetu ya kunyamaza ndiyo iliyotufikisha pale.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Omba radhi kwa namna utakayoiona, lakini usiishie hapo. Kushika fedha za watu sita bila malipo ni kazi na ni mtego, na mama wa watu ameibeba peke yake kwa miaka. Ishikwe kwa zamu, na risiti ya kila ununuzi inakiliwe na kubandikwa karibu na mita. Halafu mwandikieni mwenye nyumba kuhusu hiyo 1,500, muiandike wote, si wewe peke yako.

Mpangaji wa Magomeni

Dada, swali lako limenikalia kooni. Ni kweli, nisingethubutu kwa mwenye nyumba. Nilipokuwa ninaandika habari hii hata halikunijia. Nashukuru pia kwa Mzee, ingawa sehemu ya kusimama uani mbele ya watu inanitetemesha.

Mjumbe Mstaafu

Nimekuwa mjumbe wa baraza la kata kwa miaka kadhaa, si hapa Bagamoyo bali upande wa Tanga, kwa hiyo nitachangia kutokana na yale niliyoyasikiliza nikiwa nimekaa kwenye benchi.

Wasiojua, mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, wajumbe wakiwa si chini ya wanne na si zaidi ya wanane, na kazi yake ya kwanza ni kusuluhisha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na katika migogoro ya ardhi baraza likabaki na usuluhishi tu, bila mamlaka ya kuamua. Baadhi ya wenzangu walilalamika kwamba tumeng'olewa meno. Mimi sikulalamika sana, kwa maana katika mashauri mengi madogo niliyoyaona, uamuzi haukuwa ndicho kitu ambacho watu walikuwa wamekuja kukitafuta.

Nitatoa mfano mmoja, nikibadilisha vya kutosha ili wahusika wasijulikane. Mwanamke alimshitaki jirani yake kwamba maji yake ya kufulia yanatiririka hadi mlangoni kwake. Tulikaa vikao vitatu. Tulikwenda kuona, tukapima mteremko kwa macho, tukamwambia mshitakiwa achimbe mfereji, akachimba. Mlalamikaji akarudi tena, safari hii akisema mfereji ni mfupi. Mjumbe mmoja mwanamke, ambaye alikuwa na subira kuliko sisi wanaume wote, alimwuliza polepole ni lini hasa maji yale yalianza kumchukiza. Akajibu kwamba ni tangu mama yake alipougua. Mama alilala ndani miezi miwili, na jirani yule alipita mbele ya mlango kila asubuhi akiwa na ndoo, asiulize hata “mgonjwa aliamkaje?”. Mshitakiwa alishtuka. Alisema aliona mlango umefungwa kila siku, akachelea kusumbua. Basi, tulikuwa tumepima mteremko kwa vikao vitatu.

Juu ya ushauri wa Mzee wa Dunda, nina wasiwasi na jambo moja. Kumtaka mtu radhi mbele ya watu bila kumwandaa ni kumfunga. Watu wote wanamtazama yeye, si wewe, na asiposema “nimekusamehe” papo hapo ataonekana ana roho mbaya. Nimewaona waliosamehe barazani kwa midomo, wakatoka nje na kinyongo kipya cha kulazimishwa. Nenda kwake kwanza peke yako. Chagua saa yake, wala si saa yako: usiende alfajiri mafuta yakiwa motoni na wateja wamesimama, nenda jioni kazi zikiwa zimepungua. Litaje kosa kwa jina lake. Usiseme “kama nimekukosea”, kwa sababu hilo “kama” linamrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha. Usieleze habari ya kodi ya jengo mpaka akuulize, kwa kuwa maelezo marefu yatageuka kuwa utetezi. Mrudishie noti yake. Kisha umwulize yeye anapenda jambo hili lifikishwe vipi kwa wengine, na ukubali atakachosema, hata akisema hataki lizungumzwe.

Mzee wa Dunda

Mjumbe, hilo la kumwuliza mwenyewe kwanza nimelikubali, nawe umenikumbusha kwamba hata mshenga hutumwa baada ya kupeleleza. Nisichokikubali ni kulifukia moja kwa moja. Yule aliyecheka lazima alisikie, kwa njia yoyote itakayompendeza mama.

Na Dada wa Nianjema, marahaba. Sikulifikiria lile friji.

Mpangaji wa Magomeni

Ndugu zangu, narudi kuwapa habari, kwa kuwa si adabu kuchukua ushauri wa watu na kunyamaza nao.

Nilikwenda siku ya Jumatano baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, akichagua mchele wa kuloweka kwa ajili ya vitumbua vya kesho yake. Nilibisha hodi ingawa alikuwa ananiona. Alinikaribisha, nikakaa chini, naye bila kusema neno akaumimina nusu ya mchele kwenye ungo wa pili na kuusukuma mbele yangu. Tukachagua mawe wote wawili. Nadhani alijua nimekuja kwa lipi, akaniona sina pa kuiweka mikono.

Nikamwambia: “Mama, nilikusingizia wizi mbele ya watu, na ningeweza kukuuliza nikajua ukweli, lakini sikukuuliza. Nimekukosea, nakutaka radhi.” Aliendelea kuchagua. Mwisho akasema kwamba maneno yale yalimkera kwa siku moja tu, kwa sababu vijana husema, naye amelea. “Ila mkono wako uliipokea ile noti,” akasema. “Nilikutolea nikijua utaikataa. Ulipoichukua, ndipo nilipojua kwamba uliyasema kwa moyo wako wote.” Ninyi nyote mlionishauri hamkuligusa hilo la kuipokea, wala mimi mwenyewe sikuliona. Nilikuwa nimeliandika hapa juu kama sentensi fupi ya kumalizia habari. Nikaitoa noti, ileile, nikampa kwa mikono miwili. Akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Nilimwuliza kuhusu wale wengine. Hakutaka niite kikao. Alisema amechoka kuzungumzwa, kwa heri au kwa shari. Lakini aliniambia kwamba yeye fedha hazishiki tena, kwamba tangu mwezi unaoanza nitazishika mimi, na kama kuna neno lolote ninalo juu ya siku ile, nitapata nafasi nzuri ya kulisema nitakapokuwa nimesimama mbele ya mita. Akanipa daftari lake. Dada wa Nianjema, alikuwa na daftari! Kila mchango umeandikwa kwa penseli, chumba kwa chumba, na kila mwanzo wa mwezi pembeni ameandika “jengo” na kiasi kilichokatwa.

Sahani niliirudisha siku hiyo hiyo. Niliweka ndani yake chupa ndogo ya asali ya nyumbani, ambayo ndugu yangu aliniletea kutoka Tabora, na ambayo nilikuwa nimeshaionja kidogo. Mama aliifungua, akaiinua kwenye mwanga, akaitazama shingo ya chupa kwa muda mrefu kupita kiasi, kisha akasema: “Mtani, asali hii imepita njia gani hata imepungua?” Sikujua kama nicheke. Yeye alicheka kwanza.

Juzi ilikuwa tarehe 1. Nilikusanya michango, nikanunua, nikaingiza tarakimu 20 na kukosea mara mbili, watu wakiwa wamenizunguka kuliko walivyowahi kumzunguka mama. Ziliingia uniti 23 na ushei. Kijana wa chumba cha tano, ambaye ndiye aliyecheka siku ile, akauliza mara moja mbona zimepungua. Nikawaeleza wote habari ya kodi ya jengo, nikasema kwamba mwezi uliopita ilikuwa hivyo hivyo, kwamba mama hakugusa hata senti, na kwamba mimi ndiye niliyemsingizia bila kuuliza. Mama alikuwa nyuma yetu anaanua nguo, na hakugeuka. Kijana aliomba kuuona ujumbe, nikampa simu, akausoma wote, akafanya hesabu yake mwenyewe, kisha akanirudishia.

Ujumbe huo nimeunakili kwenye karatasi na kuubandika kando ya mita. Barua ya mwenye nyumba tumeiandika na kuitia saini vyumba vitano, kwa kuwa wa chumba cha sita amesafiri, na jibu halijaja. Sahani iko kwa mwenyewe. Vitumbua bado sijaletewa, nami sijauliza.